Mateka wa Nyumba ya Bibi

Juzi nilikuwa nakwaruza tangawizi jikoni, ile ya kwetu milimani inayokuja sokoni na udongo wake mwekundu, mwanangu akaingia na kitabu cha shule akauliza, "Mama, mateka ni nani?" Mtu mwingine angemjibu akaendelea na chai yake. Mimi nilicheka mpaka mtoto akaenda kumwambia baba yake kwamba mama amepatwa na kitu. Harufu ile na neno lile kwa pamoja vilinipeleka Gonja, nyumbani kwa Bibi, kwenye chumba cha upande wa migomba ambacho msimu mzima kilinukia tangawizi, samli na mtoto mchanga. Humo ndimo nilimojifunza maana ya mateka, na kabla sijaijua vizuri nilikuwa nimeshaijua vibaya.

Neno lenyewe lilikuwa la mchezo wetu. Kama ulikua enzi zangu na magoti yako yana makovu, kombolela huhitaji kufundishwa. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha. Ukionekana unatajwa jina, unakuja kusimama karibu na kopo, wewe ni mateka. Unabaki hapo hadi mwenzako mmoja aliye mafichoni achomoke mbio, alipige kopo teke na kupaza sauti, "Kombolela!" Hapo mateka wote wanakuwa huru, na mlinzi anaanza upya huku amenuna. Sisi tulikuwa na sheria moja zaidi ambayo watoto wa tambarare hawaijui: kopo linapigwa kuelekea mlimani tu. Kuna siku mtu alilipiga kuelekea bondeni, likapita migomba ya Bibi, likapita kahawa ya jirani, likatua juu ya bati la mwinjilisti katikati ya maombi. Tulichapwa wote, mlinzi na mateka bila ubaguzi.

Mwanasheria wa mchezo wetu alikuwa binamu yangu Eliamini, mtoto mwenye kichwa kikubwa na maneno yanayokitosha. Mtu alipokosea kuita mateka wafungwa, Eliamini alisimamisha mchezo. "Mfungwa ana kosa na ana siku yake ya kutoka," alisema, mikono nyuma kama mzee wa kanisa. "Mateka hana kosa wala hana siku. Anangoja mtu aje." Na kweli ndivyo tulivyocheza: mlinzi alipokwenda mbali kutafuta, mateka angeweza kabisa kujiondokea, lakini sikumbuki hata mmoja aliyefanya hivyo. Ingekuwa aibu kubwa. Ulisimama pale, jua linakupiga, unaita wenzako, "Njooni jamani, mtatuacha mpaka lini?" Halafu unaona kichwa kinasogea katikati ya mibuni na moyo unaruka. Mimi nilipenda kuwa mateka kuliko kuwa mlinzi.

Basi mwaka huo Mama mdogo Namsifu akaja kujifungua. Alikuwa mdogo wake mama, mfupi, mcheshi, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya korongo bila kujikaza. Alikuwa ameolewa Ndungu, kule chini kwenye mpunga, lakini kwetu mtoto wa kwanza huletwa duniani karibu na bibi yake, kwa hiyo mumewe alimpandisha mlimani mimba ilipokuwa kubwa. Akajifungua salama hospitalini, akarudi na binti mwekundu mwenye hasira, na siku hiyohiyo Bibi akatandika kitanda upya, akafunga dirisha nusu, akatangaza kwamba mzazi hataonekana nje mpaka miezi mitatu iishe.

Wakati huo nilikuwa likizo, na mama yangu alikuwa muuguzi wa zamu zisizoeleweka, kwa hiyo nilihamia kwa Bibi kusaidia. Nilisomba kuni, nilimenya ndizi, nilipuliza moto wa maji ya kumkanda mzazi. Bibi aliendesha nyumba ile kama kambi. Alfajiri uji. Baadaye mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, wenye nyama iliyoletwa na mume kutoka Ndungu. Kisha maji ya moto na kufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu, Bibi akivuta upande wake na Mama mdogo akiguna upande wake. Maji baridi marufuku. Mlango wazi marufuku, upepo wa mlimani usije ukamwingia mgongoni. Hata kwenda chooni, Mama mdogo alifunikwa kanga mbili kichwani na Bibi akatangulia mbele kuangalia kama njia ina watu.

Bibi wangu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu anayewahi mnada. Meno ya mbele yalikuwa yameondoka yote na hakuona sababu ya kuyatafutia mbadala. Mimi aliniita mke mwenzake, kama bibi wengi walivyotutania, na alinigombeza kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, pale Kiswahili kilipomwishia ukali. Nilimpenda na nilimwogopa.

Mtandao wa simu pale kwetu ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, kwenye nondo ya dirisha la chumba cha mzazi. Mama mdogo alikuwa ameifunga simu yake hapo kwa uzi, akawa anaongea amesimama, shingo imepinda, mtoto begani. Siku moja nilikuwa nje chini ya dirisha hilo namenya ndizi, nikamsikia akiongea na rafiki yake wa kwaya.

"Shoga yangu, mimi huku ni mateka," alisema. "Mateka kabisa! Silali mpaka atake, sili mpaka atake, kuoga kwenyewe kwa ruhusa. Na aliyeniteka hata jino hana!"

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Kisu kilibaki kimesimama kwenye ndizi. Nilijua vizuri ni nani mle ndani asiye na jino, na ni nani anayeamua saa ya watu kula. Bibi! Jambo zima likajipanga kichwani mwangu bila kubaki hata uchochoro. Mama mdogo hana kosa, hana siku, anangoja mtu aje.

Labda ningeliacha lipite, maana Mama mdogo alikuwa ananenepa na alionekana mwenye raha. Lakini wiki hiyo akaja Mama Elibariki, mwalimu wa kwaya ya wanawake ya usharika wetu, na kuku kwapani na unga wa uji kichwani. Alimsalimia Bibi kwa heshima zote, akamsifu mtoto, akanywa chai ya tangawizi mpaka mwisho. Ndipo akasema lililomleta. Kulikuwa na tamasha la kushindanisha kwaya mjini Same. Wimbo waliochagua alikuwa ameutunga Mama mdogo mwenyewe akiwa mjamzito, na beti zote za kuanzisha zilikuwa za sauti yake peke yake. Kila waliyemjaribisha alishindwa.

"Tumwombe tu kwa siku hiyo moja, Bibi," alisema Mama Elibariki. "Tutamfunika vizuri. Tutamweka mbele kwenye kosta, dirisha tunafunga. Asubuhi anakwenda, jioni yuko kitandani mwake."

"Hapana," alisema Bibi.

"Mtoto tutambeba kwa zamu..."

"Mama Elibariki, nimekataa. Siku zake hazijaisha."

Mama mdogo aligeukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika kidogo. Alikuwa ameuimba wimbo ule kila siku humo ndani, akimbembeleza mtoto, mpaka mimi, Bibi na nadhani hata mbuzi wa zizini tulikuwa tunaujua wote. Kumwona mtu mcheshi vile analia kimyakimya kulinichoma. Nikaamua.

Kesho yake mchana, Bibi akiwa jikoni anachemsha maji ya kukanda, nilichukua kopo letu lenye vijiwe ndani nikaliweka kwenye kizingiti cha chumba cha mzazi. Nilirudi nyuma hadi kwenye mgomba wa mwisho. Nilivuta pumzi. Nikaja mbio zangu zote, nikalipiga teke, nikapaza sauti mpaka koo likauma:

"Kombolelaaa! Mateka wote huru!"

Kwa haraka zangu nilisahau mlima uko upande gani. Kopo liligonga mlango, likarudi, likanipita katikati ya miguu na kushika njia ya bondeni likipiga kelele kama lori la chupa. Mtoto akaamka na kulia. Kuku wakaruka. Bibi akatokea jikoni na upawa mkononi, kanga imemdondoka, akiuliza kwa Chasu nani amekufa. Chini kule tukasikia bati la mwinjilisti. Paaa!

"We mtoto una wazimu?" alisema Bibi. "Unamshtua mzazi?"

Mkombozi harudi nyuma. "Nimemkomboa," nilisema. "Sasa yuko huru, aende Same akaimbe. Ni sheria. Mwenyewe amesema yeye ni mateka."

"Mateka wa nani?"

"Wako, Bibi. Alisema aliyemteka hana jino."

Bibi alipeleka ulimi kwenye mwanya wake taratibu, kama mtu anayehakikisha. Ndani ya chumba tukasikia kishindo. Bibi akasukuma mlango: alikuwa Mama mdogo, ameanguka kitandani kwa kicheko. Alicheka akishika kitambaa cha tumbo, akajaribu kusema akashindwa, akaishia kumnyanyua mtoto aliyekuwa analia, mdomo wazi, fizi nyekundu tupu, na kutuonyesha.

"Huyu!" alisema. "Nilimsema huyu, jamani! Si mama!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama yule mtoto mdogo kuliko mkungu wa ndizi na nikaanza kuhesabu upya mambo yote. Mama mdogo halali mpaka mtoto atake. Hali mpaka mtoto atake. Yote yalikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimemkamata mtu siye.

Nilitegemea kiboko. Badala yake Bibi alikaa kwenye kizingiti, upawa magotini, akaanza kucheka naye, kicheko kikavu kinachopitia puani. Kilipoisha akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu, "Mimi hakuna aliyeniteka."

Mama mdogo akauliza, "Unasemaje, mama?"

"Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mama yangu yuko mbali, anaumwa. Baba yenu yuko kwenye mkonge kule chini. Hakuna aliyenifungia mlango, hakuna aliyenichemshia maji. Wiki haijaisha niko kwenye mfereji wa maji, jembe mkononi, mtoto mgongoni, na ilikuwa mvua." Alipangusa upawa kwa upindo wa kanga, ingawa ulikuwa mkavu. "Homa ilitushika wote wawili. Mimi nilipona."

Mama mdogo alikuwa amekaa wima sasa. Yeye na mama yangu walikua wakijua kwamba mama yangu ndiye mtoto wa kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia habari ya mwingine.

"Alikuwa wa kiume," alisema Bibi. "Kwa hiyo mimi nikimfungia mtu ndani, namfungia nilichokosa. Mkitaka niiteni mlinzi, niiteni askari, sawa tu."

Mtoto alikuwa amenyamaza. Nilisikia maji ya kukanda yakifurika jikoni na kuzima moto, na hakuna aliyenituma kwenda kuyaangalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulikuwa tunausema msemo huo kila siku bila kufikiri, na siku hiyo ndipo kwa mara ya kwanza nilipouona umekaa mbele yangu na upawa mapajani.

Mama mdogo aliteremka kitandani, akaja na mtoto wake akakaa chini, nyuma ya mlango pale upepo usipofika, akaegemeza kichwa mgongoni mwa mama yake. "Siendi Same," alisema. "Nitamaliza siku zangu. Nifungie."

Hapo ningeweza kusema mambo yaliishia vizuri, ila wimbo bado haukuwa na mwimbaji. Mama Elibariki alipoitwa, alikuja na wanakwaya wote, wakapangana uani wakilitazama dirisha, ili Mama mdogo amfundishe mmoja wao akiwa ndani. Wa kwanza akapanda juu mno. Wa pili akasahau maneno. Wa tatu, mke wa mwinjilisti, mwenye sababu zake za kunitazama vibaya siku hiyo, alianza vizuri akaishia puani. Bibi alikuwa anapepeta mchele pembeni, akitikisa kichwa kila walipokosea. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Si hivyo!" alisema. "Hapo sauti inashuka kama mtu anayeteremka na ndoo, polepole, maji yasimwagike. Hivi." Akaimba, ungo mkononi.

Sikuwahi kumsikia Bibi akiimba peke yake. Sauti yake ilikuwa nzito, ya zamani, yenye mikwaruzo, na bila meno ya mbele maneno mengine yalitoka na upepo. Lakini iliteremka na ile ndoo yake mpaka chini na haikumwaga hata tone. Wanawake walisahau kuitikia. Mama Elibariki alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bibi, utakwenda wewe," alisema.

"Mimi? Nani atabaki na mzazi?"

Sauti ikatoka dirishani. "Nenda, mama! Tangu mtoto huyu azaliwe hujafika hata kanisani. Unafikiri sijui? Dada atakuja kukaa nami. Nenda, nimekuruhusu."

Mateka alikuwa anamwachia mlinzi wake, na nikiangalia uso wa Bibi nikaelewa kwamba mateka walikuwa wawili mle ndani muda wote. Alishusha ungo. Alisema hana viatu, akaambiwa vipo. Alisema jua la Same litamuua, akaambiwa kuna mwavuli. Alipoishiwa visingizio alinigeukia. "Mke mwenzangu unakuja nami," alisema. "Wewe ndiye uliyeyaanza haya."

Same ilitupokea kwa joto na vumbi, kama inavyowapokea watu wote wa milimani. Bibi alivaa sare ya kwaya iliyomfikia juu kidogo ya kifundo cha mguu kwa urefu wake, na viatu vya mke wa mwinjilisti. Kazi yangu ilikuwa kushika simu ya Mama Elibariki juu kabisa, kuelekea jukwaani, upande wa pili wa laini Mama mdogo akiwa amesimama kwenye nondo yake ya dirisha. Kwaya yetu ilipoitwa, Bibi alisogea mbele hatua moja, akafumba macho, akaanza.

Nimeenda kwenye matamasha mengi baada ya hapo na nimesikia sauti nzuri kuliko ile. Sijawahi kuona watu wakinyamaza vile. Muuza maji aliyekuwa anapita katikati ya viti alisimama na kreti lake begani. Kwaya ilipoitikia, vigelegele vikapaa kutoka pande zote, na mimi nikawa nalia na kuruka huku mkono wa simu nimeunyoosha, nikiogopa kuushusha nisije nikaukata wimbo. Nilikuwa na furaha ambayo mwili wangu ulikuwa mdogo kuibeba.

Wimbo ulipoisha, wanakwaya walipanga mstari kuinamisha vichwa. Bibi hakupanga. Aliteremka jukwaani moja kwa moja, akanipokonya simu na kuiweka sikioni.

"Namsifu! Umekula?"

Sikusikia jibu lote, nilisikia kilio na kicheko vimechanganyika.

"Acha kulia, maziwa yatakauka. Nakuuliza umekula? Tumbo umefungwa? Dada yako anafunga ovyo yule. Mlango je?"

Matokeo yalikuwa bado, pilau lilikuwa linapakuliwa, na kosta isingeondoka kabla ya jioni. Bibi hakutaka kusikia. Alimwona mume wa Mama mdogo, aliyekuwa amekuja na pikipiki yake kutoka Ndungu kuusikiliza wimbo wa mkewe, amesimama mbali chini ya kivuli cha ukuta. Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Bibi alimwendea, akavua viatu vya mke wa mwinjilisti akanikabidhi, akapanda nyuma ya pikipiki na kumshika kijana wa watu kiunoni. Yule bwana alikakamaa kama amemwagiwa maji ya barafu.

"Twende, baba," alisema Bibi. "Nina watu ndani."

Tulimtazama akipotea kwenye vumbi la njia ya Kisiwani, sare inapepea, na Mama Elibariki akabaki ameshika sahani mbili za pilau. Ushindi tulioupata hakuusubiri na baadaye hata hakuuliza.

Mimi nilirudi na kosta jua likizama. Nilipanda njia ya kwetu mbio, nina zawadi ya kwaya ya kuonyesha na maneno mengi ya kusema, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Kutoka chumbani zilikuja sauti tatu kwa pamoja, nzito, nyepesi na ya mtoto anayelalama, na harufu ya mtori. Nikagonga.

"Nani?" aliuliza Bibi.

"Mimi."

Komeo likasogezwa. Akanitazama kutoka juu, bado amevaa sare, kanga ya mtoto begani.

"Ingia upesi, mke mwenzangu," alisema. "Halafu ufunge."